Mhina wa Bibi: Kisauni, Likoni, Jomvu Kuu

Alhamisi

Tumekuja Mombasa kutafuta kichaka. Nilipomwambia hivyo mama mmoja niliyeketi naye kwenye treni alicheka, akidhani ni fumbo. Si fumbo. Marehemu bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na bustani Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na bustani hiyo ilikuwa na mhina aliouvuna majani miaka nenda miaka rudi akiwapaka hina maharusi wa Mji wa Kale. Bustani ilipotea kabla sijazaliwa. Nimekua nikisimuliwa harufu yake.

Niseme mapema, kwa kuwa wengi wa rika langu wanaijua hina ya unga wa pakiti tu: mhina hutoa maua. Ni madogo madogo, yameshikana vichala, na harufu yake ni tamu na nzito, hasa jua likishatua. India hukamua atari kutokana na maua hayo. Kwetu sisi maua ndiyo yaliyobaki kwenye masimulizi ya ukoo. Kila harusi, kila matanga, lazima atokee mtu aseme, "Lo, ile harufu ya bustani ya Bibi!" na wengine waitikie.

Mama alipandia Voi, anakoishi, kikapu mkononi. Tukashuka Miritini usiku umeshaingia, tukachukua matatu ya mjini kupitia Changamwe na Makupa, kisha tuktuk hadi Kibokoni kwa shangazi. Tulimkuta barazani.

"Ndoo mwanangu, ndoo! Wifi, karibu, mbona umekonda?"

"Nimekonda wapi, wifi? Nguo hii ndiyo kubwa."

Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Hata mikono hatujaosha, ugomvi ukaanza. Shangazi anasema maua ya mhina wa Bibi yalikuwa na wekundu. Mama anasema yalikuwa meupe, meupe kabisa, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyaokota. "Wewe uliolewa mti umeshazeeka," shangazi akamjibu. Mihina ya namna zote mbili ipo, kwa hiyo sikuweza kumwamulia mtu. Nikaenda kulala.

Ijumaa

Asubuhi nilikwenda Marikiti, soko lile la tangu 1914 ambalo Waingereza walilipa jina la MacKinnon na wenyeji hawakulijali. Wauza viungo wote wana hina. Ya India, ya Pakistani, ya Sudani, pakiti zina picha ya mikono ya bibi harusi. Nikauliza hina ya majani, ya hapa hapa Pwani. Wawili walitikisa kichwa. Wa tatu, mzee mwenye kofia ya kiua, alisema kuna mtu humletea kutoka Lamu, akipata. Akipata maana yake ni nini, hakufafanua. Akafungua pakiti ya Sudani akaninusisha. "Hii nzuri, inashika upesi."

Nikamletea shangazi kidogo. Akamwaga ncha ya kijiko kiganjani, akatema mate, akasugua kwa kidole gumba mpaka ikawa tope, akaiacha huku akiendelea kuchambua mchele kwa mkono mwingine. Baada ya muda akaifuta kwa ncha ya leso. Kiganja kilikuwa na doa la rangi ya chungwa.

"Imeshika," nikasema.

"Imeshika upesi mno. Iliyo peke yake haina haraka hivi. Humu mna kitu kingine."

Ndipo akanisimulia kazi yenyewe, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu sijaiona ikiandikwa vizuri. Majani ya mhina ni madogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kujaza gunia moja ni kuchuma kutwa, na matawi yaliyokomaa yana miiba, kwa hiyo mchumaji hujulikana kwa mikwaruzo ya mikono. Huyaaniki juani: hufifia na rangi hupungua nguvu. Huyatandaza kivulini, juu ya jamvi, ukiyageuza, mpaka yakishikwa yanavunjika. Kisha kinu na mchi. Kisha chekeche. Kisha chekeche tena kwa kitambaa cha melimeli, maana chenga ikibaki, nyayo za bibi harusi zitatoka madoadoa na mama yake hatakusamehe. Unga uliobaki ni laini kiasi kwamba ukipumua karibu yake unaruka.

Hukandwa kwa ndimu, na Bibi alikuwa akitia chai nzito ya mkandaa, isiyo na maziwa, badala ya maji. Ikafunikwa, ikalala. Usiku wa kupakwa, bibi harusi hakuchorwa maua na majani kama leo. Alipakwa vidole mpaka kwenye fundo na nyayo nzima, akafungwa vitambaa, akalala hivyo hivyo miguu imeinuliwa juu ya mto, akinyweshwa maji na somo wake, mwanamke aliyemfunda. Asubuhi hufunguliwa, na nyekundu ile ya kuiva ndiyo watu waliyokuja kuitazama. Piko, ile nyeusi ya siku hizi, shangazi haitaki hata kuisikia. Simlaumu. Piko nyingi ni dawa ya kupaka nywele, ina kemikali inayoweza kuchoma ngozi mpaka ikatoka malengelenge, na nimewahi kuona bibi harusi aliyevaa glavu kwenye picha zake zote.

Jioni wauza asmini walipita. Mama akanunua kikuba, asmini na mrehani na kipande cha mkadi, akakibandika kwa pini kifuani. Hakuna aliyezungumzia rangi ya maua.

Jumamosi

Kisauni. Tuliondoka mapema, kabla jua la kaskazi halijawa kali, tukavuka daraja la Nyali. Daraja la zamani, lililofunguliwa 1931, lilikuwa la kuelea juu ya maji, na Bibi alikuwa akilipita na gunia lake la majani kwenda mjini. Hili la zege ni la 1980. Baba alikuwa akisema bustani ililiwa na daraja hili, na nilipokuwa mdogo nilidhani nguzo zilijengwa juu ya bustani.

Tukashuka Kengeleni, penye kengele ya Frere Town, ile iliyowekwa na wamishonari waliowapokea watumwa walioachiwa huru, kijiji kilichoanza 1875. Kutoka hapo tulimfuata Mama. Alikuwa na hakika ya njia kwa mita kama mia hivi. Baadaye akasimama katikati ya uchochoro, ghorofa upande huu, ghorofa upande huu, nguo zimeanikwa juu, pikipiki zinatupigia honi, akasema, "Palikuwa na miembe." Hapakuwa na mwembe.

Tukauliza msikitini. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja anayeuza mkaa, mwenyeji wa tangu zamani. Mama alipomtajia jina la Bibi, mzee alisimama, akafuta mkono kwenye shuka, akampa.

"Bi Mhina! Nyinyi ni wa Bi Mhina?"

Hatukujua kama aliitwa hivyo.

Alitupeleka mwenyewe. Mahali penyewe ni nyumba ya ghorofa nne, chini mna duka la Mpesa, kinyozi, na mtu anayeuza maji kwa madumu. Hayo maji, akasema mzee, yanatoka kwenye kisima cha Bibi. Muuza maji akaturuhusu kuingia nyuma. Kisima kimefunikwa kwa zege, pampu juu yake, lakini ukingo wa mawe ya matumbawe wameuacha upande mmoja, na kwenye ukingo huo kuna mifereji iliyochimbika kwa kamba, midomo midomo, mingine inaingia kidole kizima. Niliweka kidole. Mama aliweka kiganja kizima juu ya jiwe, akakaa hivyo, na muuza maji akazima redio bila kuambiwa.

Basi nikamuuliza mzee bustani ilipoteaje, kwa sababu nyumbani kila mtu ana lake. Ami mkubwa anasema tuliibiwa. Baba alisema daraja. Wapo wanaosema Bibi aliiuza akaficha pesa.

"Haikuwa yake," mzee akasema. "Nyumba ilikuwa yake. Miti ilikuwa yake. Ardhi ilikuwa na mwenyewe."

Anayeishi Mombasa hahitaji kuelezwa, lakini wasomaji wa bara huenda wakashangaa: hapa mtu anaweza kujenga nyumba, akazaa na kuzika humo, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mtu mwingine anayemlipa kodi ya kiwanja. Tunaita nyumba bila ardhi, na Kisauni na Majengo zimejaa nyumba za namna hiyo. Asili yake ni ndefu. Sheria ya ardhi ya 1908 ilitaka kila anayedai ardhi ya Mwambao aje na ushahidi wake. Iliyokosa mdai ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa na karatasi na ujuzi wa kudai wakabaki na mashamba. Waliokuwa na jembe wakabaki wapangaji, wao na wajukuu zao. Miti nayo ina hukumu yake: Pwani mnazi unaweza kuwa wako na udongo uliosimama usiwe wako.

Daraja la 1980 halikukanyaga bustani. Lilifanya Kisauni iwe karibu, kiwanja kikapanda bei, na mwenye shamba akaona kodi ya Bibi haimlipi tena. Baba alikuwa sahihi kuliko nilivyofikiri.

Hapo Mama akafungua pochi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka. Ni orodha ya fidia, Baba aliihifadhi, nami sikujua ipo. Imeandikwa kwa kalamu ya wino: minazi kumi na mmoja, miembe miwili, mkorosho mmoja, mdimu mmoja, nyumba ya udongo na makuti. Kila kimoja na thamani yake pembeni, na chini dole gumba la Bibi. Mhina haumo. Asmini haimo, mkadi haumo. Yote yaliyompa chakula mwanamke yule yalipita kama majani tu.

Mzee akaisoma, akairudisha. "Mhina nani angeuhesabu," akasema. "Kichaka kile."

Nikamuuliza maua yalikuwa na rangi gani. Akafikiri sana. Akasema hakumbuki maua.

Jumapili

Likoni. Kwenye feri mtu wa miguu halipi, anachotoa ni jasho. Geti lilipofunguliwa tulishuka ile teremko na halaiki, baiskeli, kuku, mabegi ya shule, Mama ameshika kitambaa cha bega langu. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kusubiri ndiko safari.

Binamu yake Baba anaishi upande wa Mtongwe. Uani kwake mna mhina, mkubwa, umepita urefu wa ukuta, na umejaa maua. Meupe. Mama hakusema neno. Alitembea kuuzunguka, akachuma kichala kimoja, akanipa. Nikanusa kwa mara ya kwanza kitu nilichosimuliwa maisha yangu yote, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba harufu ni kali kuliko nilivyotegemea, inakaribia kuumiza kichwa. Ya pili ni tamu.

Mwenyeji wetu anasema Bibi alimpa tawi kwa mkono wake, siku ya arubaini ya mwanawe wa kwanza. Nikampigia shangazi simu, nikaiweka sauti juu.

"Huo aliununua kwa wauza miche," shangazi akasema, na binamu mtu ameketi pale pale.

Kimya. Kisha mwenyeji akaamka kwenda kutia chai. Iliyobaki ya siku hiyo siiandiki.

Jumatatu

Goti la Mama limevimba. Hatukutoka. Mahamri na mbaazi, usingizi, mahamri tena.

Jumanne

Ni shangazi aliyekumbuka, si kwa furaha, kwamba Bibi alikuwa na msaidizi. Msichana wa Jomvu aliyekuja kuchuma na kutwanga, baadaye akaolewa akarudi kwao. Kama yu hai ni kizee sasa. Tukapanda matatu Mwembe Tayari mimi na Mama, goti limefungwa bandeji, na barabara kuu tukaiacha kwa bodaboda mbili mpaka Jomvu Kuu.

Jomvu Kuu ni mji wa kale, Wajomvu ni mojawapo wa Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, lakini ukifika usitarajie magofu ya kupiga picha. Utakuta misikiti, nyumba za kawaida, minazi, na chini kule mikoko na mkono wa bahari. Kupata nyumba haikuwa taabu. Tulitaja hina, mtoto akatuelekeza.

Bi mkubwa alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba chini ya mkwaju. Nilipompa shikamoo alinishika mkono asiuachie, akaugeuza, akatazama kiganja.

"Hupaki hina?"

"Siku za harusi tu, bibi."

"Mh. Mato yako ni ya bibiyo."

Uani kwake kuna mihina mitatu, mifupi, imekatwakatwa mpaka imekuwa minene kwa chini, majani mabichi, hakuna hata ua moja. Miwili alipanda mwenyewe. Wa tatu, ule wa kona, ni tawi la Kisauni. Alilikata wiki ambayo nyumba iliezuliwa, akalibeba ndani ya leso iliyoloweshwa kisimani.

Nikamuuliza, kama nilivyowauliza wote, maua ya ule wa Kisauni yalikuwa mekundu au meupe.

Akacheka mpaka akakohoa. "Maua! Nani alikuwa na nafasi ya kutazama maua? Bibi yenu hakuuacha mhina utoe maua. Ukitoa maua, nguvu yote yaenda huko, jani lasalia bure. Tulikuwa tukiukata, tukiukata. Yeye akiona kichala kimetoka alikikata akakitupa."

Mama akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye aliokota maua, anakumbuka.

"Uliokota yaliyotupwa," Bi mkubwa akasema, si kwa ubaya. "Na upande wa nyuma, wa uzio, mkono haukufika. Huko yalitoka. Lakini ile harufu ya usiku mnayoisema, ya mpaka njiani? Ile ilikuwa mlangilangi. Wa jirani."

Nilikaa na neno hilo. Ukoo mzima, miaka hiyo yote, tumekuwa tukimsifu Bibi kwa harufu ya mti wa jirani. Nilidhani nitahuzunika. Nilichokiona badala yake, kwa mara ya kwanza, ni mwanamke mwenye kisu, mikono imekwaruzwa, anakata maua kwa sababu kuna bibi harusi Ijumaa na gunia halijajaa. Waliokuwa watoto na waliokuja kama wageni walibeba harufu. Huyu aliyefanya kazi naye alibeba kazi. Kama nalazimika kuchagua ushahidi, nachukua wa aliyetwanga.

Akatukatia matawi yeye mwenyewe. Hakutaka mabichi ya juu. Alichagua yaliyokomaa, unene wa penseli, akayakata mshazari chini ya fundo, akapukusa majani yote akabakisha mawili matatu ya juu. Akayafunga kwa gunia bichi. "Msiyatie maji mengi yakioza mkasema mti wangu mbaya. Na yakishika, kateni. Msiufanye pambo."

Alikataa pesa. Akakubali kikuba cha Mama, kimeshanyauka, akakinusa akakitia chini ya mto.

Jumatano

Kugawa. Shangazi hana udongo, Mji wa Kale nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo la kwake limetiwa kwenye ndoo ya rangi juu ya dari, karibu na tangi. Tawi moja limepelekwa Likoni kwa mkono wa mtoto, pamoja na kilo mbili za sukari na ujumbe ambao shangazi hakutaka niusikie. Nadhani ni msamaha. Huenda ni tusi la pili. Mimi Nairobi kunanipiga baridi na nyumba yangu haina hata kibaraza, sikuchukua. Yaliyobaki ni ya Mama. Voi kuna joto na ukame, mhina hautaki zaidi ya hapo, na kiwanja chake kina hatimiliki, nimeikagua.

Nilimwambia shangazi habari ya mlangilangi. Akanyamaza kama aliyekwama na mwiba. Halafu akasema Bi mkubwa wa Jomvu amezeeka, akili imetawanyika.

Alhamisi

Miritini, mizigo yote hupangwa chini mbwa apite kunusa. Alipofika kwenye kikapu cha Mama akasimama. Askari akauliza ni nini humo.

"Hina," Mama akasema.

Akafungua akitafuta pakiti. Akakuta vijiti. Akamwita mwenzake, naye akatazama, akasema kwao Kwale bibi yake alikuwa na mti kama huo, akauliza unapandwaje. Mama akamweleza yote, mshazari chini ya fundo, maji kidogo, foleni nyuma yetu inaguna. Mwisho akamwachia kijiti kimoja.

Tulipokaribia Voi simu ikalia. Shangazi. Anasema amepanda darini kutazama, na kwenye ndoo, pale tawi linapochomoza, gamba lina wekundu. Kwa hiyo maua yatakuwa mekundu, nimwambie mama yangu. Nikamwambia shangazi, hata jani jipya halijatoka. Akasema yeye hakuuliza habari ya majani.

Mama alikuwa amesikia kila neno. Akachukua kikapu, akashuka.